Amani ya Nyumba si Mzigo wa Mke Peke Yake: Fundisho kutoka kwa Wayahudi wa Kale



Usiku wa kuamkia harusi, hapa kwetu Pinga kama katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, bibi harusi huketishwa katikati ya shangazi na mama zake wakubwa. Huambiwa mengi: aamke mapema, asijibizane na mumewe, asitoe nje siri za nyumba, awapokee wakwe kwa mikono miwili, na zaidi ya yote avumilie. Maneno hayo hatuyadharau. Mengi kati yake yametunza nyumba zetu katika miaka ambayo vita viliharibu karibu kila kitu kingine. Lakini katika mafundisho ya ndoa tumeulizwa na wasichana, si mara moja, swali hili: "Na bwana harusi, usiku huo, yeye huambiwa nini?" Na sisi wakubwa, si mara moja, tumetazamana bila jibu.

Leo tunalitafutia jibu katika historia. Tumechagua kuwaendea Wayahudi, kwa sababu hao ndio waliotupokeza Maandiko, na kwa sababu Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulituagiza tuwafahamu na kuwaheshimu. Tena Bikira Maria alikuwa mke wa Kiyahudi, na Yosefu mume wa Kiyahudi. Nyumba ya Nazareti tunayoiheshimu kama kielelezo cha familia zote iliishi kwa desturi za taifa hilo.

Wala Wayahudi si watu wa vitabuni tu. Hapa Kongo, Wayahudi waliotoka katika kisiwa cha Rhodes walijenga sinagogi lao Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na rabi wao Moïse Levy alifika mwaka 1937 akakaa nchini zaidi ya miaka hamsini. Huko Uganda, karibu na Mbale, kiongozi Semei Kakungulu aliamua mwaka 1919 kuishika dini ya Kiyahudi pamoja na wafuasi wake. Wajukuu wao, wanaoitwa Abayudaya, wanaishika Sabato hadi leo, ingawa utawala wa Idi Amin uliwapiga marufuku. Basi tunazungumza juu ya majirani.

Mke na taa

Wayahudi wana maneno mawili ya Kiebrania kwa jambo hili: shalom bayit, maana yake amani ya nyumba. Kwa karne nyingi maneno hayo yameelekezwa kwanza kwa mke. Kitabu cha Methali kinasema kwamba mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake, na mpumbavu huibomoa kwa mikono yake mwenyewe. Sura yake ya mwisho inamsifu mke hodari anayeamka usiku ungalipo, anayenunua shamba, anayewanyoshea maskini mkono. Katika nyumba nyingi za Kiyahudi sifa hizo huimbwa kila Ijumaa jioni, mezani, mbele ya mke mwenyewe.

Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa karibu na mwaka 200 baada ya Kristu, inazitaja kazi za mke: kusaga, kuoka, kufua, kupika, kunyonyesha, kutandika kitanda na kusokota sufu. Inamkabidhi pia kwa namna ya pekee kuiwasha taa ya Sabato kabla jua halijatua. Talmudi, ambayo ni maelezo marefu ya Mishna, inauliza swali ambalo maskini yeyote wa kwetu angelielewa. Mtu ana fedha kidogo. Zinatosha kununua mafuta ya taa ya nyumba, au ya taa ya sikukuu ya kutabarukiwa kwa hekalu, wala hazitoshi kwa zote mbili. Anunue ipi? Jibu ni taa ya nyumba, kwa sababu ya amani. Watu wanaoketi gizani hujikwaa, hukasirika, hugombana. Sikukuu yenyewe, ijapokuwa takatifu, inaipisha amani ya nyumba. Nani kati yetu, aliyewahi kulala gizani katika kambi ya wakimbizi, asiyeijua kweli hiyo?

Mafundisho kwa wake hayakutolewa na wanaume peke yao. Mjini Prague aliishi mwanamke aitwaye Rivkah, binti Meir, aliyewafundisha wanawake wenzake. Kitabu chake, Meneket Rivkah, kilichapishwa mwaka 1609 baada ya kifo chake. Alikiandika katika lugha ya Kiyidishi iliyosemwa nyumbani, ili wanawake wasiojua Kiebrania wakisome wenyewe, na ndani yake aliwashauri juu ya mume, wazazi, wakwe na watoto. Tungeweza kusema kwamba Rivkah alikuwa shangazi aliyeshika kalamu.

Mpaka hapa, wapendwa, shangazi zetu wangekubali kila neno. Wangesema: "Ndiyo hayo hayo tunayoyasema sisi." Lakini tukifungua ukurasa wa pili wa historia hiyo, tunakuta kwamba mume naye aliambiwa mengi, na sehemu kubwa ya hayo iliwekwa kuwa sheria.

Mume naye aliandikiwa

Kitabu cha Kutoka kinamkataza mume kumpunguzia mkewe mambo matatu: chakula, mavazi, na haki ya ndoa. Juu ya msingi huo Wayahudi walijenga hati ya ndoa iitwayo ketuba. Ndani yake mume hutaja fedha ambazo mke atapewa akifiwa au akiachwa: zuzi 200 kwa msichana, 100 kwa mjane. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristu, mwalimu Shimon ben Shetach aliitia nguvu desturi hiyo. Aliagiza kwamba mali yote ya mume iwe rehani ya ketuba, ili kumwacha mke lisiwe jambo jepesi machoni pake.

Tulinganishe na mahari yetu. Mbuzi, ng'ombe au fedha tunazotoa huenda kwa ukoo wa msichana, na ndoa ikivunjika mara nyingi ukoo wa mume huzidai zirudi. Kwa hiyo binti anayeteswa huambiwa na wazazi wake avumilie, kwa kuwa mbuzi wamekwisha kuliwa. Ketuba ilielekea upande mwingine, maana ilikuwa deni la mume kwa mke mwenyewe. Hatusemi tuyafute mahari ya babu zetu. Tunasema tu kwamba watu wa kale waliona hatari ya kumwacha mke bila kinga, wakaitungia sheria.

Mishna inaingia hata jikoni. Mume anayemlisha mkewe kwa mkono wa mtu mwingine ampe kila juma kipimo cha ngano, cha kunde, cha mafuta na cha tini kavu. Ampe kitanda na mkeka. Ampe kitambaa cha kichwa na mshipi, na viatu kutoka sikukuu hadi sikukuu. Labda mtacheka kuona sheria takatifu ikihesabu viatu. Lakini mke ambaye haki yake imeandikwa hadi viatu hahitaji kuomba kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Zaidi ya mali, walifundishwa ulimi. Jioni ya Ijumaa mume alipaswa kuwakumbusha watu wake wawashe taa, na Talmudi inaongeza kwamba ayaseme hayo kwa upole ili yapokelewe. Inaonya tena kwamba mtu asitie hofu nyingi nyumbani mwake. Sababu yake ni ya busara sana: wanaoishi kwa hofu huficha makosa, husema uongo, na mwishowe huvunja hata amri za Mungu ili wasipigiwe kelele. Nyumba yenye hofu huonekana tulivu kwa nje, kumbe ndani inaoza. Marabi walisema pia kwamba mtu ajihadhari asimwumize mkewe kwa maneno, kwa kuwa machozi yake yako karibu na Mungu huyaona upesi; na kwamba mke akiwa mfupi, mume ainame apate kusikia shauri lake.

Kuna kisa kimoja ambacho tunapenda kuwasimulia wachumba. Rabi Meir alikuwa akihubiri usiku wa Sabato. Mwanamke mmoja alivutwa na mahubiri, akachelewa kurudi nyumbani. Mumewe akamfungia mlango, akaapa kwamba hataingia mpaka akamtemee mhubiri mate usoni. Rabi Meir akapata habari. Akajifanya anaumwa jicho, akatangaza kwamba anatafuta mwanamke ajuaye kuliponya kwa kulitemea mate. Yule mwanamke akaletwa, akatema mara saba. Rabi akamwambia: nenda ukamwambie mumeo kwamba yeye alitaka mara moja, nawe umetema saba. Wanafunzi wake wakakasirika kwa ajili ya heshima ya mwalimu wao. Yeye akawajibu kwamba Mungu mwenyewe, katika Kitabu cha Hesabu, aliruhusu jina lake takatifu lifutwe katika maji ili kurudisha amani kati ya mume na mke. Meir ni nani hata asikubali kudharauliwa kidogo? Tunaona hapa kwamba amani ya nyumba ilihesabiwa kuwa kazi ya jumuiya nzima, na mwenye cheo kikubwa ndiye aliyeinama.

Ahadi kwa aliyetekwa

Sasa tunafika kwenye kifungu ambacho, kwetu sisi wa Pinga, kina uzito kuliko vyote. Kati ya masharti ya ketuba kulikuwa na ahadi hii ya mume kwa mke: ukitekwa, nitakukomboa na kukurudisha kwangu uwe mke wangu. Mishna inasema kwamba ahadi hiyo inamfunga mume hata kama haikuandikwa, kwa kuwa ni sharti la baraza la waamuzi. Wala mume hakuruhusiwa kusema: "Hii hapa talaka yake na fedha zake, ajikomboe mwenyewe." Vilevile mke akiugua, alipaswa kumtibu. Kulikuwa na mpaka mmoja: kuhani, aliyefungwa na sheria za ukuhani, hakuweza kumrudia mke aliyetekwa; lakini hata yeye alilazimika kumkomboa na kumfikisha salama kwao.

Wapendwa vijana, fikirini ni watu wa namna gani walioandika sharti kama hilo. Walikuwa watu waliojua vita. Waliona askari wakiingia vijijini, wakaona wanawake wakichukuliwa. Walijua jinsi mwanamke anavyorudi, na minong'ono inayomtangulia njiani. Wakaona heri mume aahidi siku ya furaha, mbele ya mashahidi, lile ambalo siku ya msiba moyo wake ungeweza kulikataa.

Nasi tunajua. Katika miaka yote hii ya bunduki, dada zetu na mama zetu wamechukuliwa porini. Wengine wamerudi wakakuta mlango umefungwa, mume ameoa mwingine, na watu wanasema: "Afadhali aende, nyumba ipate amani." Amani gani hiyo, inayonunuliwa kwa kumfukuza aliyejeruhiwa? Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, amewatibu maelfu ya wanawake wa namna hiyo. Lakini daktari hutibu mwili, hawezi kumfungulia mtu mlango wa nyumba yake. Mlango huo hufunguliwa na mume, na wakwe, na sisi wana shirika tunaokaa jirani. Wayahudi wa kale waliliona hilo wakaliweka kuwa wajibu. Sisi tuliobatizwa katika jina la Mchungaji anayemtafuta kondoo aliyepotea, je, tutadaiwa kidogo kuliko wao?

Historia haifichi madoa

Si haki kuwasifu watu kwa kuficha makosa yao. Sheria ya Kiyahudi ilimpa mume peke yake uwezo wa kutoa talaka, na hadi leo wapo wanawake waliofungwa na waume wanaokataa kuitoa. Kuoa wake wengi kuliruhusiwa muda mrefu. Karibu na mwaka 1000 baraza linalohusishwa na Rabi Gershom wa Mainz, nchini Ujerumani, lilikataza jambo hilo kwa Wayahudi wa Ulaya, likakataza pia kumwacha mke asiyeridhia.

Maimonides, mwalimu mkuu aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, aliandika kwamba mume ampende mkewe kama nafsi yake na kumheshimu kuliko nafsi yake, naye mke amheshimu mumewe kama mfalme. Lakini mahali pengine aliruhusu mke anayekataa kazi za nyumba alazimishwe hata kwa fimbo. Mwalimu mwenzake wa kusini mwa Ufaransa, Abraham ben David, akampinga waziwazi kwamba hajapata kusikia wanawake wakiadibishwa kwa viboko. Katika karne iliyofuata, Rabi Meir wa Rothenburg aliwakemea vikali wanaume wanaowapiga wake zao. Na katika sinagogi la kale la Fustat, Kairo, ulikutwa mrundo mkubwa wa karatasi, ambazo nyingi zilipelekwa Cambridge kuanzia mwaka 1896. Kati yake zimo hati za ndoa ambamo mume anaahidi kwamba hatampiga mkewe wala hatamwolea mke mwingine. Hizo ni hati za Afrika, zilizotiwa sahihi kandokando ya Mto Nile miaka mia tisa na zaidi iliyopita. Waliokuwa na binti wa kuoza hawakungoja wanazuoni wamalize mabishano yao. Waliandika.

Shangazi wa Mwindo

Mtu asiseme kwamba haya ni ya wageni. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, ambao Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Shemwindo anamchukia mwanawe na kutaka kumwua. Mtoto anakwenda kwa shangazi yake, Iyangura. Baada ya vita na safari ya kuzimu, baba anarudishwa nyumbani, na wote wanakutana katika baraza. Hapo Iyangura anasimama. Hamwambii Mwindo avumilie. Anamkaripia ndugu yake mbele ya watu wote. Shemwindo anakiri kosa lake, mwana anamsamehe, na nchi inapata amani. Mpangilio wake tuushike: kwanza ukweli, pili kukiri, tatu msamaha, na amani baada ya hayo. Hivyo shangazi wa jadi yetu alikuwa na neno kwa bibi harusi na kwa mwanamume pia. Sisi ndio tuliolihifadhi la kwanza na kulisahau la pili.

Tuhitimishe

Mtakatifu Paulo, Myahudi aliyelelewa katika mafundisho hayo, anawaandikia Waefeso kuhusu mke na mume. Kwa wake anasema machache. Kwa waume anasema mengi zaidi, akiwapa kipimo ambacho hakuna awezaye kukimaliza: wapende kama Kristu alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Na Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, amefundisha kwamba mwanamume anayemtesa mkewe haonyeshi nguvu bali woga wake.

Basi, vijana wa kiume, shangazi anapomfundisha dada yenu, msitoke nje mkaenda kunywa. Ombeni baba na wajomba wawaketishe ninyi pia. Na ninyi wasichana, shikeni hekima ya mama zenu, kwa maana kuijenga nyumba ni heshima. Lakini jueni kwamba uvumilivu ni fadhila, na kuficha mateso si fadhila. Nasi walimu wa ndoa tunapaswa kujirekebisha, tusimwandae mmoja na kumwacha mwenzake. Taa ya nyumba huwashwa na mke jioni, lakini mafuta yake ni deni la wote wawili.

Maswali kwa ajili ya kikundi

1. Ni mashauri gani ya shangazi zetu yanayojenga amani ya kweli, na ni yapi yanayofunika tu maumivu?
2. Kama bwana harusi angeandika ahadi tano kwa mkewe mbele ya shirika, zingekuwa zipi?
3. Dada akirudi kutoka porini, kikundi chetu kitafanya nini ili akute mlango wazi?

Familia Takatifu ya Nazareti, utuombee.